Nyuzi za Mabaki na Mlango wa Ambakisye

"Lwitiko, fungua, kuna moto."

"Moto wa nini? Mnataka kutoka na nyuzi. Subirini muda wa kutoka ufike."

Hayo ndiyo maneno, sijaongeza wala sijapunguza. Mimi nilikuwa upande wa ndani, mdomo umegusa ubao wa mlango. Lwitiko alikuwa nje, na ufunguo wa kufuli ulikuwa kwenye kamba shingoni mwake. Nyuma yangu magunia ya nyuzi za mabaki yalikuwa yanawaka. Uzi wa nailoni hauwaki kama kuni. Unayeyuka, unadondoka, na ukidondokea ngozi haubanduki. Niligonga tena. Nikasikia ndala zake zikienda mbali kwenye tope, pwata, pwata, bila haraka. Alikuwa anavuka barabara kwenda dukani kusikiliza mpira redioni.

Miaka yote niliyofuma baada ya hapo, akipita mtu na ndala kwenye tope, mkono ulikuwa unasimama wenyewe. Sikuwa najua kwamba mtu anaweza kuambiwa neno moto akaondoka kwa kutembea.

Mwezi uliopita niliacha kazi. Vidole vya mkono wa kushoto vilivyoungua siku ile vimekakamaa kabisa, kroshia haikai tena. Wasichana wa kikundi chetu hapa mtaa wa Bagamoyo, mjini Tukuyu, wameniambia, "Mama, tuandikie mambo ya kazi kabla hujasahau. Hasa ile namna yako ya kumaliza mabaki mpaka mtu asijue ni mabaki." Nimesoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo msitegemee uzuri. Nitawaandikia. Lakini kwangu mimi habari za mabaki na habari za mlango ule zimefumwa pamoja, ukivuta moja na nyingine inakuja.

Siku ya kwanza nilitoka kijijini kwetu Lupepo kwa miguu, nimejifunika jani la mgomba. Mvua ya kwetu mnaijua, haiulizi mtu anakwenda wapi. Nilifika kwenye kiwanda kidogo cha sweta nikiwa nachuruzika. Kiwanda nakiita hivyo kwa heshima tu. Kilikuwa nyumba ya bati, na ndani mlikuwa na mashine chache za kufumia za mkono, mabenchi, na chumba cha nyuma cha kupigia pasi. Kilikuwa mali ya ushirika wa akina mama, na kazi yao kubwa ilikuwa sweta za shule. Mlangoni alisimama mama mfupi mwenye macho makali, kroshia ameichomeka kwenye kilemba. Huyo ndiye Mama Lugano, ingawa siku hizo Lugano mwenyewe hajazaliwa na tulikuwa tunamwita Tupokigwe. Baadaye jina la mtoto likameza la mama.

"Mugonile," nikamwamkia.

"Ndaga. Umekuja kufuma au umekuja kukauka?"

"Kufuma, dada."

"Basi ingia ukauke kwanza. Sufu haipendi maji ya bure."

Sikupewa mashine wala sindano. Nilipewa gunia la mabaki nikaambiwa nichambue. Nikafanya kama mtu yeyote angefanya, nyekundu huku, bluu huku, kijani pale. Nikajiona hodari. Tupokigwe akaja, akatazama, akayachanganya yote kwa mguu.

"Nani kakutuma rangi? Fumba macho."

Nikafumba. Akaniwekea uzi katikati ya vidole, kisha mwingine. "Upi mnene?"

Hilo ndilo somo la kwanza, wasichana, na ndilo mnalolikosea mpaka leo. Mabaki huchambuliwa kwa unene, rangi baadaye. Ukichanganya mnene na mwembamba kwenye kofia moja, kofia itapinda kama mdomo wa mtu anayesengenya. Ukiweka rangi zinazogombana, watu watasema ni mtindo. Unene ukigombana, hakuna atakayekutetea.

La pili ni kuunga. Nguo ya mtoto mchanga haitakiwi kuwa na fundo, maana mtoto analala juu yake na hawezi kukuambia linamuuma wapi. Uzi wa sufu unaungwa kwa mate. Unachambua ncha mbili, unazilaza pamoja kiganjani, unatema kidogo, unasugua mpaka kiganja kipate moto. Zinashikana, huwezi kujua zilikutana wapi. Mgeni mmoja mwanamke alituona tunatema akakunja uso. Tupokigwe akamwambia, "Usijali mama, tukimaliza tunafua." Na kroshia yake aliitengeneza mumewe kwa spoku ya baiskeli, akaikunja ncha akaisugua juu ya jiwe mpaka ikateleza. Nimetumia kroshia za dukani za kila namna, hakuna iliyoifikia ile.

Sasa sikilizeni desturi yetu, maana humo ndimo kila kitu kilimoanzia. Uzi uliobaki kwenye sweta uliyofuma ulikuwa wako. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, ilikuwepo tu, kama vile mpishi kuonja. Mwisho wa wiki, kazi ikiisha, tulikuwa tunaingia wote chumba cha pasi kwa sababu ndicho chenye joto. Tunashusha komeo la ndani, maana wengine wananyonyesha, wengine wamevua sweta zilizolowa, na wateja wanaume walikuwa na tabia ya kufungua mlango kwanza na kupiga hodi baadaye. Kila mmoja anamwaga mabaki yake sakafuni. Tunabadilishana. "Nipe kijani chako nikupe maruni." "Maruni yako fupi kama wewe." Kinyakyusa na Kiswahili kinachanganyika, na kicheko juu yake. Kama kuna mwenzetu anakaribia kujifungua, kila mwanamke anatoa rangi moja, na zinafumwa kofia yenye mistari ya kuzunguka, mstari wa kila mtu. Baridi ya huku kichanga anaisikia utosini kwanza. Lugano alivaa kofia hiyo. Mstari wangu ulikuwa wa njano, ndio uliokuwa umepinda.

Ikaja miaka ya shida, uzi ukawa haupatikani. Hapo mabaki yakawa ndiyo kazi yenyewe. Tulifumua sweta kuukuu tukapata uzi. Uzi uliofumuliwa unakuwa na mawimbi, kwa hiyo unauzungushia mgongo wa kiti, unaufunga sehemu kadhaa, unauchovya maji ya vuguvugu, unautundika na jiwe dogo chini mpaka ukauke. Unanyooka kabisa. Tulikuwa na mawe yetu pale, kila mtu na lake. Yangu nililitoa mto Kiwira, na ninalo bado.

Halafu ikaja ruksa ya biashara. Kila kitu ruksa. Mitumba ikaingia sokoni kwa marobota, sweta za watoto wa Ulaya zimetandikwa chini juu ya turubai, nzuri, na wazazi wakauliza kwa nini wangoje sisi tufume. Siwalaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa nainama pale nachagua zilizotoboka kwapani, za sufu, nikazifumue. Lakini oda za shule zikapungua, mashine zikakaa kimya siku nzima, na viongozi wa ushirika wakatuita wakasema kiwanda kimeuzwa. Tulidhani wanatania. Tupokigwe alicheka kwa sauti, akanyamaza alipoona hakuna mwingine aliyecheka.

Mnunuzi alikuwa Ambakisye. Namtaja, na nitamtaja tena. Mtu wa Kisondela, aliyekaa Mbeya miaka akarudi na pikapu na shati la mikono mifupi hata wakati wa baridi, ili saa ionekane. Siku ya kwanza alisimama katikati ya mashine akasema, "Mama zangu, habari za ushirika zimekwisha. Sasa hivi ni biashara. Hakuna kitu kitatupwa hapa ndani, hata uzi wa urefu wa kidole."

"Hata sisi hatutupi, baba," Tupokigwe akasema.

"Nyinyi hamtupi, mnachukua."

Watu wakatazamana. Hatukuwahi kulisikia neno hilo likisemwa juu ya mabaki.

Akaleta uzi mpya, wa nailoni, rangi kali za kuumiza macho. Tupokigwe akachambua ncha mbili, akatema, akasugua. Zikaachana. Akarudia. Zikaachana.

"Huu hauna kiu," akasema.

"Ni wa kisasa, mama," akajibu Ambakisye.

"Kumbe wa kisasa hawaungani."

Tulicheka sana. Ambakisye hakucheka, na nadhani kuanzia hapo alimwekea Tupokigwe kinyongo.

Kisha akafanya mambo mfululizo, na ninayaweka kwa utaratibu wake ili mtu asije akasema nimechanganya. Kwanza alisema mabaki yote ni ya kiwanda, atayauza kwa watu wa kujaza mito. Yakaanza kujazwa magunia, na magunia yakapangwa chumba cha pasi mpaka karibu na kenchi za paa, kwa sababu ndicho chumba kikavu. Pili akamweka Lwitiko, mtoto wa shangazi yake, awe mlinzi. Kazi yake ilikuwa kutupekua tukitoka. Alipekua vilemba. Alimpekua mtoto wa mwenzetu Sekela ndani ya nepi, na mtoto akamjibu anavyojua mtoto, jambo pekee la kuchekesha lililotokea mwaka ule. Tatu, dirisha la chumba cha pasi likawekwa wavu wa chuma, tusirushe madonge nje. Nne, wote tukaambiwa tuvae sweta za sare za uzi ule wa nailoni, watu watuone njiani wanunue.

Tano ni komeo. Hapa nawaomba msome polepole.

Ambakisye alikuja na spana yake mwenyewe siku ya kazi, sote tupo. Akasema, "Komeo la ndani la nini? Mnajifungia mnafanya nini? Mwenye mlango ni mimi." Komeo lile lilikuwa la chuma, limefungwa kwa bolti zilizopita ubao mzima. Akalifungua, akalifuta kwa kitambaa, akalitia mfukoni. Si mtu wa kutupa kitu. Upande wa nje akaweka kitasa cha kufuli, na kuanzia hapo wapiga pasi walipoingia, Lwitiko alifunga kwa nje mpaka muda wa kutoka, eti magunia yasipungue.

Pale lilipokuwa komeo yakabaki matundu manne, na upepo wa mlima ukawa unapita humo unawapiga shingoni waliokaa mezani. Tupokigwe alivumilia siku mbili tatu. Kisha akachukua sindano butu na mabaki yake ya zamani ya sufu, yale aliyoyaficha mimi najua wapi, akayaziba matundu. Alisokota uzi ukawa mnene, akausukumiza, akakata kwa meno. Jekundu, bluu, kijani, na la mwisho njano.

"Njano yako," akaniambia. "Hii haipindi, imebanwa pande zote."

Siku ile tulikuwa wawili tu chumba cha pasi, yeye na mimi. Mvua ilikuwa kubwa, umeme haupo, tukatumia pasi za mkaa. Mezani tulitandika blanketi zito la viraka vya sufu, tulilolifuma zamani kwa mabaki, maana sweta haipigwi pasi juu ya mbao tupu, na juu yake kitambaa cha maji. Mkaa ulikuwa unakufa, tukawa tunapepea pasi ili ushike. Kila mpiga pasi anafanya hivyo. Zamani tulikuwa tunatoka kupepea nje chini ya paa. Siku zile hatukuwa na nje.

Cheche iliruka. Sikuiona ikitua. Niliona tu gunia moja likiwa na tundu jeusi linalopanuka, halina hata mwali, kama mdomo unaofunguka. Nikamimina maji ya kulowekea kitambaa. Yakaisha. Ndipo nikaenda mlangoni nikamwita Lwitiko, na majibu yake nimeshawaandikia.

Tupokigwe alikohoa mara moja tu. Alivuta lile blanketi la mezani, limelowa na lina joto la pasi, akanitupia kichwani kama mtu anayefunika chungu. "Kaa chini ya dirisha," akasema. "Usivue." Nilimsikia akigonga wavu kwa pasi, chuma kwa chuma. Alikuwa amevaa sare. Mimi pia, lakini mimi nilikuwa chini ya sufu, na sufu mbichi haishiki moto. Mkono wangu wa kushoto uliobaki nje umeshika ukingo wa blanketi ndio huu mnaouona.

Waliovunja wavu ni wanaume waliokuwa wanapita na ndizi, wakasikia mlio wa chuma. Walitumia jembe. Walinitoa mimi kwanza kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa karibu. Walipomtoa yeye, sweta haikuwa tena sweta. Sitaandika zaidi. Aliishi mpaka kesho yake jioni, na alisema maneno machache, mojawapo lilikuwa la kuuliza kama mtoto wake amekula.

Mimi nililazwa, sikuzika. Sekela, yule ambaye mtoto wake alipekuliwa, ndiye aliyekuja kunieleza. Alikaa kitandani, akawa anavuta ncha ya shuka.

"Ambakisye ameleta mchele na sukari," akasema. "Amesimama msibani akaongea."

"Amesema nini?"

"Amesema tumwombee marehemu. Amesema mlikuwa na mazoea ya kujifungia mgawane nyuzi za kiwanda, na siku hiyo mlijifungia, moto ukawakuta. Amesema mlinzi alishindwa kufungua kwa sababu mlikuwa mmeshusha komeo."

"Komeo lipi?"

Sekela akazungusha ncha ya shuka kidoleni.

"Sekela. Komeo lipi? Ulikuwepo alipoling'oa."

"Nilikuwepo. Watu waliitikia, dada. Na Lwitiko amelia mbele ya watu. Mimi nina watoto, Ambakisye amesema atafungua tena."

Nilitazama dari. Nilikuwa nimeungua na sikusikia maumivu, nilisikia ubaridi tu, kama ule uliokuwa unapita kwenye matundu. Mtu anakufungia, unaungua, halafu anasimama juu ya kaburi na kusema ulijifungia. Na watu wanakula mchele wake. Nilipotoka hospitali niliwaeleza wakubwa waliokuja kuuliza. Mmoja akaniambia kwa upole kabisa, "Mama, umepata mshtuko. Pumzika." Kweli nilipata mshtuko. Sijapumzika.

Kiwanda hakikufunguliwa tena. Mimi nilijifunza kushika uzi kwa vidole vilivyobaki, nikafundisha, mkawa kikundi. Yote mnayoyajua, ile ya kufumba macho, ile ya mate, ile ya jiwe, ni ya Tupokigwe. Kila mliposifiwa ni yeye aliyesifiwa, ingawa hapa mjini jina lake likitajwa kuna mtu atasema, "Yule aliyeungua akiiba nyuzi?"

Nisingeandika haya kama Lugano asingekuja. Alikuja mwaka huu kujiunga na kikundi, mtu mzima sasa, ana macho ya mama yake. Alichambua mabaki kwa unene bila kufundishwa na mtu. Wenzake walipotoka akabaki, akauliza bila kunitazama.

"Mama, nikuulize kitu. Shuleni walikuwa wananiita mwizi wa uzi. Mlijifungia?"

"Hatukujifungia, mwanangu."

"Kila mtu anasema komeo lilikuwa limeshuka."

Nikamweleza kwamba komeo liling'olewa kabla ya moto. Akaitikia kwa kichwa kwa heshima, lakini niliona haniamini mimi dhidi ya mji mzima. Hilo liliniuma kuliko mkono.

Baada ya hapo nilikwenda Kisondela kwenye msiba, nikapita njia ya chini kukwepa utelezi, nikatokea nyuma ya nyumba ya Ambakisye. Ana banda la nguruwe pale, limejengwa vizuri. Mlango wake ni mpana kuliko unavyotakiwa na banda la nguruwe. Ni mninga, na uso mmoja umeungua, na uso huo ndio umegeuziwa nje. Nilisimama kwenye mvua. Bwana asiyetupa kitu hakuutupa hata huo mlango wa chumba cha pasi.

Nikasogea. Nguruwe wakanikoromea. Nikapitisha kidole gumba pale lilipokuwa komeo, nikayakuta matundu, yote manne. Na ndani ya matundu kuna uzi. Kwa juu umekuwa mkaa, lakini sufu hujizima yenyewe, sijui mara ngapi nimewaambia, na nilipochokoa kidogo kwa kroshia, chini ya weusi nikaona njano.

Sikuung'oa. Nimeuacha palepale, na nilirudi na Lugano siku nyingine akauona mwenyewe. Akaweka kidole kwenye tundu la uzi mwekundu. Kisha akafunga kilemba chake upya.

Sasa, Lwitiko, uko hai, unauza mkaa pale stendi, nakuona. Nijibu ulisikia neno gani mlangoni siku ile, na kwa nini ulitembea.

Na wewe Ambakisye, sasa ni mzee wa kanisa, watu wanakupisha njiani. Sitaki mchele wala sukari. Nataka usimame palepale uliposimama msibani, mbele ya Lugano na watu walewale waliobaki. Komeo ulilitia mfukoni mwako sote tukiona, na mahali pake kuna uzi wa marehemu mpaka leo, kwenye mlango wa nguruwe wako. Waeleze tulijifungia na nini.